Kijana Yuko Kambini, Dirisha Limefunguliwa

Kalenda ya mhitimu wa kidato cha sita Tanzania imekaa kana kwamba hakuna aliyetegemea kijana ajiombee chuo mwenyewe. Mtihani wa taifa hufanyika Mei. Hata tranka la bweni halijafunguliwa vizuri nyumbani, majina ya wanaotakiwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kwa mujibu wa sheria yanatoka, na Juni kijana yuko Ruvu, Mafinga, Oljoro au Bulombora, anaamshwa alfajiri kwa mchakamchaka, simu ameiacha kwa mama. Miaka ya karibuni Bodi ya Mikopo imekuwa ikifungua dirisha lake mwezi huohuo. Julai Baraza la Mitihani linatangaza matokeo, na muda si mrefu Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inafungua dirisha la kwanza la udahili. Ndiyo maana fomu mbili zinazoamua miaka mitatu hadi mitano ya maisha ya kijana hujazwa, mara nyingi, na mtu mwingine kabisa: dada aliyewahi kupita chuo, baba mdogo mwenye kompyuta ofisini, au kijana wa stesheneri anayelipwa kwa kila fomu.

Wote hao wana nia njema. Lakini katika nyumba nyingi msaada umekaa upande usio wake. Mzazi anachagua kozi, kazi ambayo ni ya mtoto. Kisha vyeti, tahajia za majina, mdhamini na hesabu ya fedha, mambo ambayo kijana wa miaka 19 hawezi kuyamaliza bila mkubwa, anaachiwa ayahangaikie akitoka kambini, siku chache kabla dirisha halijafungwa. Familia iliyogawana kazi namna hiyo huumia, na huumia mahali isipotazamia.

Sehemu ya tatizo inatokana na ushauri tunaoupata mtandaoni, ambao mwingi umeandikwa kwa ajili ya Marekani. Huko mwombaji anaandika insha isiyozidi maneno 650 kujieleza yeye ni nani, walimu wanamwandikia barua, na chuo kinapima hata alichokuwa akikifanya baada ya saa za shule. Kwetu hakuna insha, na hakuna anayeuliza kama binti alikuwa kiranja au nahodha wa netiboli. Kuna alama za mtihani, masharti ya programu, idadi ya nafasi na wingi wa wanaozigombea. Basi anayetaka kumsaidia mhitimu wa hapa aanze na kusoma masharti, kazi isiyo na mvuto wowote, na ambayo wengi wanairuka.

Haikuwa hivi siku zote. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba kijana asitoke shule moja kwa moja kwenda chuo kikuu: alitakiwa apite JKT, afanye kazi miaka miwili, kisha ajitokeze akiwa na mapendekezo ya kazini na ya chama. Wasichana waliondolewa sharti hilo baada ya muda mfupi kwa sababu idadi yao vyuoni ilishuka. Mzazi wa wakati ule hakuwa na fomu ya kujaza. Aliyekuwa na neno ni meneja na katibu wa tawi. Miongo kadhaa baadaye, mwaka 2010, TCU ilianzisha mfumo wa pamoja wa udahili: unaomba sehemu moja, unapanga chaguo zako, kompyuta inakupangia. Mfumo huo ulikuwa na lawama zake, kubwa zaidi ikiwa ni ya watu kupelekwa vyuo wasivyovitaka. Aprili 2017 Rais John Magufuli, akizindua mabweni mapya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitaka TCU iache kuwapangia wanafunzi vyuo, na kuanzia msimu huo waombaji wakawa wanaomba vyuoni moja kwa moja. Uhuru uliongezeka, na kazi ya nyumbani ikaongezeka pamoja nao. Sasa kila chuo kina tovuti yake, akaunti yake, neno lake la siri na ada yake ya maombi, kwa kawaida shilingi 10,000. Anayeomba vyuo vitatu anajaza mambo yaleyale mara tatu, na kila mara kuna nafasi mpya ya kukosea.

Kosa la kwanza huwa kwenye hesabu. Baraza la Mitihani linahesabu A kuwa pointi 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7, kisha linajumlisha masomo matatu ya tahasusi. Pointi 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu. Pointi chache ndiyo sifa. TCU inapindua kipimo: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na sharti la chini la kuingia digrii kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016 ni ufaulu mkuu, yaani A hadi E, wa masomo mawili yenye jumla ya angalau pointi 4. Masomo hayo mawili lazima yawe yale programu inayoyataka. Hapo ndipo furaha ya Julai inapogeuka. Chukua mwanafunzi wa EGM aliyepata A ya Uchumi, A ya Jiografia na S ya Hisabati. Ana pointi 8, daraja la kwanza, jirani wameshakuja kupongeza. Lakini programu yoyote inayotaka ufaulu mkuu wa Hisabati imemfungia mlango, kwa sababu S si ufaulu mkuu. Mwenzake mwenye B ya Hisabati, E ya Uchumi na S ya Jiografia ana pointi 13, daraja la tatu, nyumbani kwao hakuna aliyeshangilia, na bado kwa kipimo cha TCU ana pointi 5 na baadhi ya milango ile iko wazi kwake. Daraja linalopambwa kwenye status za WhatsApp halisemi mtoto anaweza kusoma nini. Mwongozo wa udahili wa TCU ndio unaosema, programu kwa programu, chuo kwa chuo. Unatolewa kila mwaka, haulipiwi kuusoma, na upo mmoja kwa wenye kidato cha sita na mwingine kwa wenye stashahada na sifa linganifu.

Sharti la chini nalo lisichanganywe na nafasi ya kuchaguliwa. Udaktari wa binadamu unataka ufaulu mkuu wa Fizikia, Kemia na Biolojia wenye jumla isiyopungua pointi 6. Mwenye 6 anaruhusiwa kuomba Muhimbili. Kuchaguliwa ni hadithi nyingine, maana pale atapambana na wenye 13, 14 na 15 kutoka nchi nzima, na nafasi zimehesabiwa. Msaidizi mwenye busara hamwambii kijana aache kuomba. Anahakikisha chini ya Muhimbili kuna chaguo jingine ambalo kijana angeenda bila kununa. Nasisitiza bila kununa. Chaguo la tatu lililojazwa ili kujaza nafasi tu ndilo ambalo mara nyingi hutoka, na Novemba linakuwa kilio.

Ukweli ambao hausemwi sana ni kwamba sehemu kubwa ya maombi ya chuo imekwishafanyika miaka miwili nyuma, kijana alipochagua tahasusi akiwa kidato cha nne. Aliyeingia HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) hawezi kuomba uhandisi mwaka huu hata akipata A tatu. Mwaka 2024 serikali ilipanua tahasusi hadi kufikia 65, na upana huo una raha yake, ila umezidisha haja ya kuuliza mapema: tahasusi hii inaingia programu zipi? Mzazi mwenye mtoto kidato cha tatu na mwingine cha sita angefanya vizuri kuwakalisha wote wawili mbele ya mwongozo mmoja.

Sasa nani achague? Msimamo wangu ni kwamba mzazi ana haki ya kuuliza maswali yote anayotaka na hana haki ya kubonyeza. Sababu yenyewe si ya kifalsafa sana. Soko ambalo mzazi analijua ni la alipokuwa yeye anaanza kazi. Wakati ule mwenye digrii ya ualimu alipangiwa kituo. Leo walimu, na hata watumishi wa afya, wanahitimu na kusubiri ajira za serikali miaka kadhaa. Baba anayetaka mwanasheria nyumbani huenda hajui kwamba digrii ya sheria peke yake haimpi mtu uwakili, kwamba baada yake ipo Law School of Tanzania yenye ada yake na mitihani inayoangusha wengi. Anayetaka daktari ahesabu miaka mitano, kisha mwaka wa mafunzo kazini. Na zipo programu ambazo majina yake hayajawahi kutajwa sebuleni: jiomatiki Chuo Kikuu Ardhi, usimamizi wa wanyamapori Sokoine kule Morogoro, jiolojia Dodoma. Binti mwenye PGM (Fizikia, Jiografia na Hisabati) akisema anataka jiomatiki, shangazi anaguna. Afadhali shangazi amuulize mtu anayepima viwanja kwa kazi hiyo.

Tatizo ni kwamba mazungumzo haya yakingoja Julai, mmoja wa wazungumzaji yuko kambini. Yafanyike kabla, ikiwezekana wakati wa likizo ya mwisho ya kidato cha sita. Kijana aache nyumbani karatasi yenye programu anazozitaka kwa mpangilio, katika hali tatu: nikifaulu sana, nikifaulu wastani, nikianguka somo fulani. Anayejaza fomu hatabaki kubahatisha, na hatabaki na kishawishi cha kupenyeza chaguo lake mwenyewe.

Kuhusu madirisha yenyewe, machache yanatosha. Huwa kuna la kwanza, la pili, na mara nyingi la tatu, kati ya Julai na Oktoba. Programu zinazogombewa hujaa mapema. Dirisha la tatu ni la nafasi zilizobaki. Aliyechaguliwa chuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja, kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu au barua pepe aliyoijaza, na ana siku za kuhesabika. Ukiisoma sentensi hiyo tena utaona hatari ilipo. Simu ya nani? Kama fomu ilijazwa stesheneri na namba ikawekwa ya mwenye stesheneri, au ya laini ya kijana iliyozimwa kambini, ujumbe utafika usikosomwa. Namba iwe ya mtu mmoja nyumbani, anayepatikana, anayejua kwamba anausubiri. Maneno ya siri yaandikwe daftarini. Ni jambo dogo la aibu, lakini wapo wanaopoteza nafasi kwa sababu kijana wa kompyuta amehamia mtaa mwingine na akaunti amehama nayo.

Tuje kwenye mkopo, kwa sababu hapa ndipo kazi halisi ya mzazi ilipo, na hapa ndipo nyumba nyingi hushindwa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi 2005. Maombi yote hupita mtandaoni, ada ya maombi imekuwa shilingi 30,000 inayolipwa kwa kontroo namba, na fomu huchapishwa, husainiwa, kisha kurasa zilizosainiwa hupandishwa tena kwenye mfumo. Kati ya kuchapisha na kupandisha kuna safari. Inatakiwa saini na mhuri wa serikali ya mtaa au kijiji. Inatakiwa saini ya wakili au hakimu. Kuna mdhamini, mwenye kitambulisho na picha. Cheti cha kuzaliwa cha mwombaji lazima kihakikiwe na RITA, na kwa waliozaliwa Zanzibar na mamlaka ya usajili ya huko. Aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo kilichohakikiwa vilevile. Mwenye ulemavu ana fomu yake inayopita kwa mganga mkuu. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini ina namba yake, na namba hiyo ina uzito.

Hebu fikiria mjane wa Nachingwea ambaye mumewe alifariki miaka tisa iliyopita, akazikwa kijijini siku ya pili, na hakuna aliyekwenda kuandikisha kifo. Kwa jirani wote mtoto wake ni yatima. Kwa mfumo, baba yupo hai na hajaweka kipato chake. Kulirekebisha hilo kunataka barua za kijiji, ofisi ya wilaya, malipo, na uhakiki baada ya cheti kutoka. Haliishi wiki moja. Lingeanza Januari, mtoto akiwa bado darasani, lingekwisha kwa raha. Likianza Agosti linakula mkopo wa mwaka mzima. Na mtoto hana namna ya kulianzisha yeye.

Majina ni mtego wa aina hiyohiyo. Cheti cha kuzaliwa kina Ally, cha kidato cha nne kina Ali. Huku jina la babu limo, kule limeachwa. Binti aliandikishwa darasa la kwanza kwa jina la mjomba aliyemlea. Nyumbani tunajua ni mtu mmoja. Kompyuta haijui, na afisa anayehakiki hana sababu ya kukisia. Marekebisho huhitaji kiapo mbele ya mwanasheria na pengine hatua zaidi ya hiyo, kwa hiyo vyeti viwekwe mezani kwa pamoja mapema na kusomwa herufi kwa herufi. Tena namba ya mtihani ya kidato cha nne inayotumika kuomba mkopo lazima iwe ileile iliyotumika kuomba chuo. Aliyerudia mtihani ana namba mbili, na dada anayejaza chuo Jumatatu kwa namba moja na mkopo Ijumaa kwa nyingine amemtengeneza mdogo wake kuwa watu wawili.

Wazazi wengi wanaogopa mkopo wenyewe. Hofu hiyo ina asili: makato yalipandishwa hadi asilimia 15 ya mshahara kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2016, na juu yake kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, iliyofanya deni likue hata kwa anayelipa. Tozo hiyo ilifutwa 2021 baada ya tamko la Rais Samia Suluhu Hassan kwenye sherehe za Mei Mosi. Asilimia 15 imebaki. Ni deni, lichukuliwe kama deni, lakini si lile lililowatisha watu miaka ile. Kwa waliofanya vizuri sana kwenye masomo ya sayansi kuna pia ufadhili wa Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, ambao haurudishwi.

Tena mkopo hautolewi kwa ukamilifu kwa kila anayeomba. Bodi hupima uhitaji wa familia na kuangalia vipaumbele vya programu, na anayekopeshwa hupewa kwa viwango tofauti: mmoja ada yote na bumu, yaani fedha ya chakula na malazi, mwingine bumu na sehemu ndogo ya ada. Shule ya sekondari aliyosoma mtoto huangaliwa. Aliyelipiwa ada ya mamilioni shule binafsi ana kazi ya kueleza kwa nini leo hana kitu, na kama mfadhili ndiye alikuwa akilipa, barua ya mfadhili ipatikane.

Kwa sababu hiyo swali la fedha liulizwe wazi kabla ya kuchagua chuo. Ada ya digrii nyingi za vyuo vya umma imekuwa ikicheza karibu na shilingi milioni moja hadi milioni moja na nusu kwa mwaka; udaktari kwenye chuo binafsi unazidi hapo mara kadhaa. Chumba cha kupanga Dar es Salaam na cha Iringa havina bei moja. Nimewahi kusikia wazazi wakiona aibu kumtajia mtoto kipato chao, wakasema tu, “Wewe soma, Mungu atafungua njia.” Mtoto akaomba kama mtu asiye na kikomo. Akitajiwa, “Mwanangu, kwa mwezi tunaweza laki moja na nusu, zaidi ya hapo hatuna,” atapanga chaguo zake kwa akili yake mwenyewe, na mara nyingi atapanga vizuri kuliko tulivyodhani.

Kwenye pengo hilo la fedha na nafasi ndipo mawakala wa vyuo vya nje hujipenyeza, hasa Septemba, wakiwa na picha za maghorofa na ahadi ya udaktari bila alama. Swali la kuwauliza ni moja: chuo hicho kinatambuliwa na TCU? Shahada isiyotambuliwa itamrudia kijana siku anayoomba usajili wa kitaaluma, na hiyo ni miaka sita baadaye.

Majina ya waliopata mkopo hutoka kwa awamu, baadhi vyuo vikiwa vimeshafunguliwa, na baadaye kuna dirisha la rufaa. Zipo nyumba ambazo jina halitatoka, au litatoka na kiwango kisichotosha kulipa hata nusu ya ada. Njia zinazobaki si nyingi, ila zipo: kukata rufaa kwa nyaraka zilizokosekana mara ya kwanza, kuzungumza na chuo kuhusu kulipa ada kwa mafungu, kuahirisha mwaka na kuomba tena, au kuingia stashahada, ambayo tangu mwaka wa masomo 2023/2024 nayo ina mikopo kwa baadhi ya fani, na ambayo mwenye GPA ya 3.0 anaweza kuombea digrii. Njia ya stashahada tunaidharau bure. Fundi wa maabara mwenye stashahada anaweza kuanza kazi, akajilipia digrii akiwa kazini, wakati mwenzake wa digrii ya haraka bado anatuma barua za maombi. Mzazi akiwa ameitaja njia hiyo tangu mwanzo kama chaguo la kawaida, kijana ataweza kuichukua Novemba bila kujiona ameanguka. Ikitajwa kwa mara ya kwanza siku mkopo ulipokosekana, ataisikia kama adhabu, na wengi huamua kukaa nyumbani.